Siku upepo ulipopita moja kwa moja: kisa cha derecho ya Cedar Rapids, 10 Agosti 2020

Derecho ni mstari wa dhoruba za radi wenye upepo mkali unaovuma kwa kunyooka badala ya kuzunguka. Ile ya tarehe 10 Agosti 2020 kila inapotajwa, hutajwa pamoja na kasi ya kilomita 225 kwa saa. Hakuna chombo kilichoipima kasi hiyo. Wataalamu wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani walifika Cedar Rapids, jimbo la Iowa, wakayatazama majengo ya nyumba za kupanga yaliyoezuliwa mapaa na kubomoka kuta za juu, kisha wakakadiria ni upepo wa nguvu gani unaoweza kuliacha jengo katika hali ile. Namba kubwa kuliko zote katika kisa hiki, basi, ilisomwa kwenye kuta za wapangaji. Kasi kubwa iliyopimwa kwa chombo ilitoka Atkins, mji mdogo ulio magharibi ya hapo: kilomita 203 kwa saa.

Katika nyumba za kupanga za jiji hilo ndimo wanamoishi Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi waliofika Iowa kama wakimbizi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Kazi yangu ni kutafsiri. Kisa hiki nakirudia mara kwa mara kwa sababu kinanionyesha jinsi tafsiri iliyo sahihi kabisa kwa kamusi inavyoweza kumwacha mtu amesimama dirishani akitazama mvua, wakati alitakiwa awe ameshashuka ghorofa ya chini dakika kumi zilizopita.

Jumatatu ile

Utabiri wa siku iliyotangulia haukuonyesha tukio la ukubwa huo. Kulikuwa na uwezekano wa mvua za radi, jambo la kawaida kabisa kwa mwezi wa Agosti katika tambarare zile. Alfajiri, mawingu ya radi yalijikusanya kusini-mashariki mwa South Dakota na kaskazini-mashariki mwa Nebraska, pale tambarare kavu za magharibi zinapoanza kukutana na nchi ya mahindi. Asubuhi ilipoendelea yakaungana kuwa mstari mmoja. Mnamo saa tano mstari huo ulikuwa unapiga Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Saa sita na nusu mchana ulikuwa juu ya Cedar Rapids. Alasiri ukafika Chicago, na humo ndani yake ukazaa kimbunga kidogo cha nchi kavu (tornado) kilichopita mtaa wa Rogers Park. Ulipokufa magharibi mwa Ohio ulikuwa umekwenda kama kilomita 1,240 kwa saa 14.

Hiyo ni zaidi ya safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kwa mwendo wa basi lisilosimama hata kituo kimoja.

Kilichowashangaza hata watu waliozaliwa Iowa ni muda. Mvua ya radi ya kawaida huwa na upepo wa dakika tano, kumi ikizidi sana. Mtu anavumilia akijua unapita. Safari hii upepo wa hatari ulikaa nusu saa, na mahali pengine karibu saa nzima. Mti unaoweza kustahimili pigo moja hauwezi kustahimili mia tatu. Mizizi hulegea kidogo kidogo katika udongo uliolowa, mwishowe mti mzima unalala na bonge la ardhi likisimama wima nyuma yake. Ndivyo Cedar Rapids ilivyopoteza zaidi ya nusu ya miti yake mchana mmoja. Barabara zikafungwa na magogo, nyaya za umeme zikawa chini ya magogo hayo, na karibu jiji zima likaingia gizani.

Watu wanne walikufa katika njia nzima ya dhoruba, watatu Iowa na mmoja Indiana. Kwa upepo wa namna ile, uliopita mchana wa siku ya kazi, idadi hiyo ni ndogo. Hasara ya mali ilikadiriwa kufika dola bilioni 11, na hakuna dhoruba ya radi katika historia ya Marekani iliyokuwa imegharimu kiasi hicho kabla yake.

Karibu na Palo, nje kidogo ya Cedar Rapids, kinu cha umeme wa nyuklia cha Duane Arnold kilipoteza nyaya zinazokiunganisha na gridi, kikajizima chenyewe kama kilivyoundwa kufanya, na minara yake ya kupozea ikaharibika vibaya. Tayari kilikuwa kimepangiwa kufungwa Oktoba mwaka huo, kwa hiyo wenyewe wakaona hakuna maana ya kukitengeneza kwa miezi miwili.

Onyo lilisema nini

Marekani ina hatua mbili za kuonya. Ya kwanza inasema mazingira yapo, jambo linaweza kutokea, kaa macho. Ya pili inasema jambo limeshaonekana kwenye rada au kwa macho na linakuja kwako. Kwa Kiswahili zote mbili mara nyingi huandikwa "tahadhari", na hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina ngazi zake za "angalizo", "tahadhari" na "tahadhari kubwa", na msikilizaji wa redio kule anajua kuwa angalizo si sawa na tahadhari kubwa. Ngazi hizo tunazo tayari. Anayetafsiri huko Iowa angeweza kuziazima: angalizo kwa ile ya kwanza, tahadhari kubwa kwa ile ya pili. Badala yake tunaandika neno moja kwa vyote, na baada ya kulisikia mara kumi bila kuona kitu, mtu anaacha kulisikia.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Siku ile onyo rasmi lilikuwa la dhoruba kali ya radi. Litafsiri neno kwa neno upate "mvua kali ya radi". Sasa mfikirie mtu aliyekulia Uvira, Baraka au Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Mvua ya radi anaijua tangu tumboni. Alifundishwa kuanua nguo, kuchomoa televisheni, kutosimama chini ya mti, kuvua nguo nyekundu na kufunika kioo kwa kanga. Halafu unakaa ndani, unasubiri. Anayoyajua yote hayo ni ya radi, na radi ndiyo jina la kitu alichotangaziwa. Lakini kilichokuja Cedar Rapids hakikuua kwa radi hata kidogo. Kilikuwa upepo. Neno lililobeba onyo liliuficha upepo nyuma ya ngurumo.

Halafu kuna namba. Maonyo ya asubuhi ile yalitaja kasi ya upepo kwa maili, kama ilivyo desturi yao: maili 80, maili 90 na zaidi kwa saa. Kwa mtu aliyezoea kilomita, 80 ni mwendo wa basi la mkoani. Hakuna anayekimbilia ghorofa ya chini kwa sababu ya mwendo wa basi. Maili 80 ni karibu kilomita 129, na maili 100 ni kilomita 161. Mfasiri anayeacha namba kama ilivyo, akidhani anakuwa mwaminifu kwa maandishi ya asili, ameipunguza kasi ya upepo kwa zaidi ya theluthi bila kujua.

Saa nayo. Onyo linasema lina nguvu hadi 1:15. Mzee aliyetoka Fizi atasema saa saba na robo. Mjukuu wake aliyesoma Iowa atamwambia, kwa Kiswahili chake safi, "saa moja na robo", maana ndivyo saa ya shuleni inavyosomeka. Mzee akasikia jioni. Nimeshawahi kuona jambo hili likivuruga miadi ya daktari mara nyingi kiasi kwamba sasa naandika saa kwa namna mbili hata pale inapoonekana kama kujirudia.

Na neno "kimbunga" ndilo lililolemewa kuliko yote. Tunalitumia kwa Jobo ya mwaka 2021 na Hidaya ya mwaka 2024, zilizotoka Bahari ya Hindi zikafuatiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kufika. Tunalitumia pia kwa ule mrija unaozunguka na kufagia mtaa mmoja wa Oklahoma ukaacha wa pili. Baada ya Agosti 2020 likatumika tena kwa kilichotokea Cedar Rapids. Ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina muda wake wa kujiandaa. Kimbunga cha baharini kinakupa siku. Derecho inakupa saa chache ukiwa na bahati, na asubuhi ile wengi walikuwa na chini ya saa moja.

Tofauti hii ilionekana na mtu aliyeishi jirani kabisa na Cedar Rapids, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Gustavus Hinrichs alikuwa profesa huko Iowa City, umbali wa kama kilomita 40, na ndiye aliyeanzisha huduma ya hali ya hewa ya Iowa mwaka 1875. Alichunguza dhoruba iliyopita jimboni mwezi Julai 1877 na kuona kwamba miti na majengo yameangukia upande mmoja, hayakuzungushwa. Mwaka 1888 akachapisha jina kwa ajili ya upepo wa namna hiyo. Alichukua neno la Kihispania lenye maana ya kunyooka, moja kwa moja, ili alitenge na tornado, neno linalobeba wazo la kuzunguka. Neno likasahauliwa karibu karne nzima hadi wanasayansi walipolifufua mwaka 1987.

Mimi nasema tulichukue lilivyo. Mswahili analisoma bila kufundishwa: de-re-cho, kila herufi mahali pake. Mwingereza ndiye anayehangaika nalo.

Jasho la mahindi

Watu hudhani joto ni jambo moja na dhoruba jambo jingine: leo onyo la joto, kesho onyo la upepo. Katika tambarare zile ni jiko moja na moshi wake.

Iowa hupanda zaidi ya ekari milioni 13 za mahindi. Mwezi Julai na mwanzoni mwa Agosti mahindi yamemzidi mtu kimo na yanavuta maji ardhini kwa nguvu zote. Ekari moja inaweza kutoa hewani lita 11,000 hadi 15,000 za maji kwa siku. Wenyeji wanasema mahindi yanatoa jasho, na ukipita pembeni ya shamba asubuhi utaamini, maana hewa inakugusa usoni kama ukifunua sufuria. Unyevu mwingi zaidi huja kwa upepo kutoka Ghuba ya Mexico, na mahindi yanaongezea juu ya huo.

Mwili wa mtu hujipoza kwa jasho kukauka. Hewa ikishashiba maji, jasho linabaki linatiririka na halipozi kitu. Nyuzi 35 zenye unyevu wa asilimia 55 huhisiwa kama nyuzi 43. Aliyezoea jua kali la Dodoma, joto kavu, atashangaa akizidiwa na nyuzi ambazo kwao angefanya nazo kazi shambani. Aliyezoea Dar es Salaam ya Januari ataelewa haraka, ila kule Dar kuna upepo wa bahari jioni. Katikati ya Iowa usiku wa namna hiyo hewa husimama.

Unyevu uleule ndio mafuta ya dhoruba. Hewa ya joto yenye maji hupanda, mvuke unageuka matone, wingu linakua kwenda juu. Mvua inapoanza kushuka hupita katika tabaka la hewa kavu, matone mengine yanakauka njiani, na kukauka huko kunaipoza hewa. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo inaanguka. Mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya saruji uone yanavyokimbia pande zote. Hewa baridi hufanya vivyo hivyo ikigonga ardhi. Wingu moja likifanya hivyo ni upepo wa dakika tano. Mawingu mengi yakifanya hivyo kwa pamoja, madimbwi yao ya hewa baridi yanaungana na kuwa ukingo mmoja unaosonga mbele, ukichota hewa ya joto iliyo mbele yake na kuirusha juu kutengeneza mawingu mapya. Nyuma yake mkondo wa upepo wa juu unashuka na kuusukuma. Kwenye rada mstari unapinda kama upinde uliovutwa, na pale katikati palipotokeza mbele ndipo upepo ulipo mkali kuliko kote. Mchana ule upinde huo ulipita juu ya kaunti ya Linn, na Cedar Rapids ndiyo jiji lake.

Kwa hiyo mpangaji anayelalamika asubuhi kwamba leo hakupumuliki, shati linaganda mgongoni kabla hajafika kazini, anasema jambo la hali ya hewa lenye maana kubwa. Unyevu peke yake hauleti derecho, maana siku nyingi za namna hiyo hupita salama. Lakini ni siku ya kuchaji simu na kujua watoto watakuwa wapi saa sita.

Mashamba nayo yalilipa. Ekari 850,000 za mahindi Iowa hazikuvunwa kwa ajili ya nafaka mwaka ule. Mabua yalilala yote yakielekeza vichwa mashariki, kama nywele zilizochanwa na chanuo moja. Mashine ya kuvunia haiwezi kuokota bua lililobanwa ardhini. Maghala ya chuma ya kuhifadhia nafaka, yale marefu ya mviringo, yalikunjwa kama kopo lililokanyagwa. Wakulima wengi walikuwa na bima ya mazao. Wapangaji wa Cedar Rapids, wengi wao, hawakuwa na bima ya mpangaji, na hapa ndipo kisa kinapoingia sehemu yake ngumu.

Siku kumi na nne

Upepo ulikwisha kabla ya adhuhuri kupita. Maafa kwa wengi yalianza hapo.

Iowa peke yake, zaidi ya wateja nusu milioni walikuwa hawana umeme. Baadhi ya mitaa ya Cedar Rapids ilisubiri karibu wiki mbili. Mitandao ya simu nayo ilianguka, kwa hiyo mtu hakuweza kupiga simu ya dharura wala kumwambia ndugu aliye Des Moines kwamba yu hai. Kesho yake taifa zima lilikuwa likizungumza habari za mgombea mwenza wa Joe Biden, maana Kamala Harris alitangazwa tarehe 11, na juu ya hilo ilikuwa miezi ya Korona. Jiji la watu zaidi ya laki moja na thelathini elfu lilikuwa gizani na nchi haikulitazama. Wanajeshi wa ulinzi wa jimbo walifika siku ya nne. Ombi la gavana la msaada wa dharura lilipelekwa tarehe 16, likaidhinishwa kwa sehemu tarehe 17, na msaada kwa watu binafsi katika kaunti ya Linn ukaruhusiwa tarehe 20. Hesabu mwenyewe: siku kumi.

Katika siku hizo, mambo ya ndani ya nyumba ndiyo yaliyoamua. Friji isiyofunguliwa hutunza chakula saa 4. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, saa 48; ikiwa nusu, saa 24. Familia zetu nyingi hununua nyama kwa wingi, mbuzi mzima wakigawana nyumba mbili tatu, na samaki wa kufungashwa wa mwezi mzima. Vyote hivyo vilikuwa takataka ifikapo Alhamisi. Waliokuwa na mkaa walipika ugali nje, na hilo lilikuwa jambo jema mradi jiko libaki nje kweli. Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, au jenereta kwenye veranda karibu na dirisha, hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kichwa kinamuuma, anadhani ni joto, analala, haamki.

Wenye kisukari walikuwa na mtihani wao. Insulini inaweza kukaa nje ya friji hadi siku 28, lakini kwa joto lisilozidi nyuzi 30, na chumba cha ghorofa ya tatu kisicho na kiyoyozi mwezi wa Agosti hupita hapo mchana. Kwetu mtu angesema weka kwenye chungu, maana mtungi wa udongo hupoza maji hata jua la saa nane. Mtungi hupoza kwa kuvuja na kukausha, njia ileile ya jasho. Panapokuwa na unyevu kama wa Iowa, unapoza kidogo sana. Hekima ya nyumbani ni ya kweli. Hewa ndiyo iliyobadilika. Hata kitambaa chenye maji shingoni kinahitaji upepo wa kukikausha, na feni haina umeme.

Katika wastani wa miaka mingi joto huua watu wengi Marekani kuliko vimbunga, mafuriko au radi. Halipigi kelele, halina picha. Mzee anakutwa amelala kitandani madirisha yamefungwa kwa sababu kioo kimevunjika na ubao umepigiliwa misumari, na hakuna aliyepanda ngazi kumjulia hali. Ukiniuliza ni jambo gani moja jamii inaweza kufanya bila pesa na bila serikali, ni hilo la kupanda ngazi. Mara mbili kwa siku, asubuhi na saa tisa alasiri, pale nyumba inapokuwa imehifadhi joto la siku nzima.

Kisha kuna mahema. Majengo kadhaa ya kupanga yalitangazwa hayafai kukaliwa, na familia za wakimbizi kutoka Afrika na za wahamiaji kutoka visiwa vya Mikronesia zikalala nje, kwenye nyasi mbele ya milango yao, wengine ndani ya magari. Walikuwa na sababu za kutokwenda kwenye makazi ya dharura: hofu ya Korona, hofu ya kuibiwa kilichobaki, kutojua makazi hayo yako wapi kwa sababu tangazo liliwekwa intaneti na intaneti haikuwepo. Baadhi ya Wakongo walioletwa Marekani walitoka Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996. Kuna watoto waliozaliwa kambini humo, wakapandishwa ndege, wakapewa funguo za nyumba Iowa, na mwezi wa nane mwaka 2020 wakawa chini ya turubai tena. Sijui namna ya kuliandika jambo hilo kwa upole zaidi.

Wengi walidhani msaada wa serikali kuu ni wa raia tu. Si hivyo. Mkimbizi aliyepokewa rasmi anastahili kuomba msaada wa fedha wa maafa kama mwenye kadi ya kijani anavyostahili. Maji, chakula na malazi ya dharura ni ya kila mtu bila kuulizwa karatasi. Na barua ya kwanza ikisema hustahili, mara nyingi maana yake ni kwamba karatasi fulani inakosekana, labda ya mwenye nyumba au ya bima. Neno lililotumika kwenye barua hizo likitafsiriwa "huna haki", mtu anakunja barua na kuiweka chini ya godoro. Likitafsiriwa "ombi halijakamilika, una siku 60 za kukata rufaa", anatafuta karatasi.

Kilichobadilishwa

Mwaka 2020 onyo la dhoruba ya radi, hata liwe kali vipi, halikulia kwenye simu za watu zenyewe kama linavyolia la kimbunga cha nchi kavu. Asiyekuwa akitazama televisheni au kusikiliza redio aliweza kulikosa kabisa. Tarehe 2 Agosti 2021, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ilianza kuyapanga maonyo hayo kwa daraja la uharibifu. Upepo ukitarajiwa kufika maili 80, yaani kilomita 129 kwa saa, au mawe ya mvua yenye upana wa kama sentimita saba, onyo linapiga kelele kwenye kila simu iliyo katika eneo hilo. Derecho ya Iowa ni miongoni mwa matukio yaliyotajwa kueleza kwa nini hatua hiyo ilihitajika. Ni mabadiliko mazuri na ya kweli.

Lakini simu ikilia inamwamsha mtu tu. Kinachofuata ni maneno kwenye kioo. Kwa mikutano ya makanisa, vikundi vya simu vya mitaa na shule, ambako kwa kweli ndiko Kiswahili kinakopitia, nimeacha kutafsiri onyo la asili. Ninaliandika upya. Kwa mchana kama ule wa Cedar Rapids lingekuwa hivi:

"TAHADHARI KUBWA: UPEPO WA DERECHO. Upepo wa kilomita 160 kwa saa utafika Cedar Rapids kabla ya saa 6 na nusu mchana (12:30). Unaezua mapaa na kuangusha miti. Shuka ghorofa ya chini kabisa sasa hivi. Mlango wa jirani wa chini ugonge. Ingia bafuni au chumba kisicho na dirisha, viatu miguuni, simu mkononi. Usitoke upepo ukipungua kidogo. Unaweza kuchukua saa nzima."

Radi haimo. Nimelisoma kwa sauti, polepole, kama ninavyomsomea mzee anayesikia kwa shida: sekunde thelathini.